Pale Fomu Inapouliza Afya

Kuna siku moja, mwanangu Furaha, ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyooa. Marehemu mama yako alilijua hilo na akanisamehe. Ni siku niliyojaza fomu kama hii uliyoniachia jana mezani, ya kuwaomba wafadhili wasaidie kikosi cha zimamoto unachokiongoza. Uliniomba niisome kwa kuwa nilizima moto katika mji huu wa Goma tangu ujana wangu mpaka magoti yakakataa. Nimeisoma. Kifaransa chako ni kizuri kuliko changu. Lakini kabla sijakurudishia, nisikilize kidogo, na nikizungukazunguka univumilie. Siku hizi wa kuzungumza naye hapa nyumbani ni redio tu, nayo hainijibu.

Wakati ule tulikuwa wachache kikosini, na mimi peke yangu ndiye niliyemaliza sekondari. Nilijivuna sana, sikufichi. Rafiki yangu mkubwa alikuwa Kasereka. Yeye ndiye aliyeshika lansi, ile ncha ya chuma ya mpira wa maji. Unajua mwenyewe kwamba lansi hapewi kila mtu. Anayeishika ndiye anayetangulia motoni, na akisema tu kwamba amechoka au anaogopa, kesho yake anapewa mwingine. Ndivyo tulivyoikuta kazi, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mchana mmoja moto uliwaka mtaa wa Majengo, kwenye safu ya nyumba za mbao zilizobanana. Kasereka alitangulia, akamsikia mama mmoja akiita ndani. Hapo hapo maji yakakatika. Gari letu lilikuwa limekauka, na kulijaza ilibidi literemke mpaka ziwani. Kasereka alitaka kuingia hivyo hivyo, na mimi ndiye niliyemshika mkanda kwa nyuma, nikamng'ang'ania. Yule mama aliendelea kuita, kisha akanyamaza. Gari liliporudi hapakuwa na wa kuokoa.

Baada ya kila moto tulikuwa tunaosha mipira na kuianika juu ya mawe meusi ya volkano nyuma ya kituo, kama mnavyofanya ninyi. Kasereka aliiosha. Kesho yake akaiosha tena, ingawa ilikuwa safi. Keshokutwa vilevile. Tulimcheka, tukasema ameoa mipira.

Ndipo ikaja ile fomu ya wafadhili, na mkuu wetu, Muzee Bahati, akanikabidhi mimi. Upande mmoja waliuliza mafunzo na vifaa tunavyohitaji. Upande wa pili waliuliza habari za watu wetu: kama wanapumzika, kama wanalala, kama wana mtu wa kuzungumza naye baada ya kazi mbaya. Upande wa kwanza niliujaza kwa mwandiko wa kupendeza. Nilipofika upande wa pili, Kasereka akaja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Kaka, mule mu dossier," aliniuliza polepole, "kuko fasi ya mutu mwenye halalaka tena?"

Ilikuwepo, mwanangu, nafasi ya mtu asiyepata usingizi. Ilikuwa mbele ya macho yangu. Nikacheka. "Kunywa bière moja," nikamwambia, "utalala kama mutoto."

Naye akacheka, akaenda kuosha mipira. Nikaandika kwamba watu wetu wote ni wazima. Niliogopa wafadhili watauliza kwa nini wawape vifaa watu waliovurugika akili. Tena nilijiambia kwamba namlinda rafiki yangu asinyang'anywe lansi. Kujidanganya nilijua, nami nilikuwa nimesoma.

Ombi likakubaliwa. Zikaja kofia ngumu, mipira mipya na mwalimu wa kutufundisha. Siku moja ya mazoezi mwalimu alitaka kuona tutafanya nini maji yakikatika. Hakuwa na kosa, kwa sababu hakuna aliyemwandikia kitu. Kasereka alikuwa mbele, na mwalimu akafunga maji.

Kasereka aliutazama ule mpira. Akaulaza chini taratibu, akavua kofia yake na kuiweka kando, akatoka getini kwa miguu akishika njia ya Munigi. Tulidhani anakwenda kujinyoosha tu. Hakurudi kazini tena.

Muzee Bahati hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alichukua nakala ya fomu, akaisoma yote akiwa amesimama, akanirudishia.

"Uliandika mipira yote, hata ile yenye kutoboka," alisema. "Batu bako wapi?"

Baadaye nilimfuata Kasereka upande wa Rutshuru, alikokuwa akilima maharage kwa wajomba zake. Alinipokea vizuri, akanipa viazi na chai. Nilikuwa nimeyabeba maneno ya kumwomba msamaha tangu Goma, na nikarudi nayo yote. Alipokuwa ananisindikiza kwenye minibus aliniuliza jambo moja tu: "Ile mipira mupya, munaianikaka muzuri?" Nikamwambia ndiyo. Kisha njia ikafungwa kwa vita, simu yake ikawa haipatikani, na mpaka leo sijui kama yuko hai. Hakuna siku nisiyomkumbuka.

Sasa wewe. Jana uliniambia mlangoni, ukiwa na haraka, "Papa, pale kwa afya nimeandika tuko bien." Eti wazima, na hukunitazama. Na mwenzako aliyekuleta kwa pikipiki aliniambia kwamba tangu ule moto wa wiki iliyopita unakula peke yako ndani ya gari.

Mwanangu, omba mafunzo, omba na mipira, kwa sababu bila hiyo watu wanakufa. Lakini pale fomu inapouliza afya, usiwafiche watu wako. Omba mtu wa kuwasikiliza, na omba siku za kupumzika. Na kituoni, anayesema hapati usingizi usimnyang'anye lansi kama adhabu. Mpe kiti, umsikilize mpaka amalize, hata kama kazi inangoja. Nawe kaa kwenye kiti hicho.

Kama unaona aibu kuanza na jina lako, anza na langu. Yule mama wa Majengo mimi pia nilimsikia. Mkanda wa Kasereka bado nausikia mikononi. Sijalala usingizi wa kweli tangu ujana wangu, na hata mama yako sikumwambia. Wewe ndiye wa kwanza. Nimefuta lile neno "bien" na kuliandika jina langu pale pale, kwa kalamu, lisifutike.

Mungu akujalie maji yasikukatikie mkononi. Na siku yakikatika, akupe mtu wa kukaa naye baadaye. Njoo kesho uchukue fomu yako, usije na haraka. Nitapika chai ya watu wawili.