Pito la Saa Nane Mchana

Karani wa ramani za theluji, mama mmoja mpole ambaye miwani yake huning'inia kifuani kwa uzi, ana miaka kumi na saba katika kazi hiyo. Kila asubuhi hufungua takwimu za setilaiti, huchora ramani ya mlima na kuituma kwa msimamizi wa bwawa. Theluji ikiwa nyingi, maji ya bwawa hupunguzwa mapema ipatikane nafasi itakapoyeyuka. Ikiwa kidogo, milango ya bwawa hufungwa ili maji yahifadhiwe.

Setilaiti hiyo haipigi picha. Inapokea maikrowevu, mawimbi hafifu yasiyoonekana, zinazotoka ardhini, hata kukiwa na mawingu mazito. Theluji kavu huzipunguza, na kwa upungufu huo kina hukadiriwa. Theluji ikilowa, chombo huiona kama udongo mtupu. Setilaiti hupita juu ya mlima alfajiri na mchana; kwa hiyo ofisini hutumia mapito ya alfajiri tu, theluji ikiwa imeganda. Ya mchana yana faili lake, na haliguswi.

Jumatatu ile pito la alfajiri liliukosa mlima. Karani alikuwa anawahi kikao cha wazazi shuleni, akaazima la Jumapili mchana bila kufikiri. Ramani ikaonyesha mlima mkavu. Msimamizi akashukuru na kufunga milango.

Tangu Jumanne mvua ya vuguvugu ilizuia theluji kuganda, hata mapito ya alfajiri yakawa hayafai. Jumatano asubuhi bado ilikuwa ikipiga dirishani alipoirudia ramani ile na kuona saa iliyoandikwa pembeni: nane mchana. Bwawa lilikuwa limebakiza mita moja kujaa, na nyumba ya wifi yake, dada wa mumewe, ni ya pili kutoka darajani, chini ya bwawa.

Mwenzake wa meza ya jirani alimshauri asubiri pito la kesho, asijitie kitanzi kwa kukisia. Karani alikaa na simu mkononi. Mvua haikupungua. Akampigia msimamizi.

Msimamizi alimsikiliza hadi mwisho bila kufoka, na hilo likamtisha zaidi.

"Mama, juzi uliniambia mlima umekauka."

"Nilikosea. Theluji ipo, imelowa tu."

"Kiasi gani?"

"Leo sijui. Jumapili alfajiri ilikuwa sentimita tisini. Andika kwamba kosa ni langu, lakini fungua."

Akamsikia akimwagiza mtu apige king'ora cha mtoni kabla ya kugusa mlango wowote.

Karani akampigia wifi yake, ambaye alipokea kwa utani wake wa kawaida.

"Leo umenikumbuka? Au kaka yangu umemshindwa, unataka kumrudisha?"

"Wifi, mtu asishuke mtoni. Bwawa linafunguliwa."

"Na mvua hii? Nani kaamua?"

"Mimi."

Wifi akaacha mzaha. King'ora kilianza kulia nyuma yake. Karani hakukata simu mpaka aliposikia watoto wakiitwa mmoja mmoja, wa mwisho akaitika, na mlango ukafungwa.