Kaburi Lililodaiwa Jina

Wapimaji wa reli walifika kwetu Iyula miaka michache baada ya ile vita ya pili, mimi nikiwa na mimba ya miezi saba. Walikuja na darubini ya miguu mitatu, minyororo ya kupimia, na mzigo wa vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Walisema Serikali inafikiria kujenga reli ya kuunganisha Tanganyika na Rodesia ya Kaskazini, na kwamba kwa sasa wanapima tu. Hiyo "tu" sikuipenda hata kidogo. Kigingi kimoja walikichomeka nyuma ya nyumba yangu, katikati ya migomba.

Pale ndipo alipolala mwanangu wa kwanza. Alikufa hajaota jino, hajapewa jina. Kwetu mtoto wa namna hiyo haliliwi hadharani, wala kaburi lake halifanyiwi tuta. Wanawake humzika karibu na nyumba, wakasawazisha udongo, na tangu siku hiyo hatajwi, maana akitajwa atamwita mdogo wake amfuate kaburini. Sisi ni Wakristo. Jumapili tuliimba kanisani kwamba kifo kimeshindwa, na Jumatatu hakuna aliyethubutu kukitaja mbele ya mjamzito.

Karani wa wapimaji akatangaza kwamba kila mwenye kaburi alionyeshe, liandikwe kitabuni, ili reli ikijengwa ipindishwe, au mifupa ihamishwe kwa heshima. Lisiloandikwa litachimbwa kama udongo mwingine. Basi watu nao! Jirani yetu alirundika udongo kwenye shamba lake la kahawa, akaupangia mawe, akamlilia kwa machozi ya kweli babu yake ambaye sote tulijua amezikwa mbali, kijiji cha Msangano. Akaandikiwa. Mimi niliyekuwa na wangu kweli nilikaa kimya, mkono tumboni.

Mume wangu alipoulizwa alijibu, "Hapa hatuna kaburi, bwana." Hakudanganya kwa ubaya, aliogopa kama mimi. Mama mkwe akanivuta jikoni.

"Nyamaza, mwanangu. Yule amekwenda, huyu bado yumo. Unataka kuwakosa wote wawili?"

Nikanyamaza siku nne. Kila nilipofumba macho niliona majembe. Mtoto alipocheza tumboni niliogopa. Alipotulia niliogopa zaidi. Siku ya tano wapimaji walikuwa wanafunga mizigo kuhamia mbele, upande wa Tunduma. Nilimwona karani anafunga kitabu kwa kamba, nikajikuta nimeshafika mbele yake.

"Bwana karani, nyuma ya nyumba yangu kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Mwanangu."

Akafungua kitabu. Hakukasirika, na hilo lilinitia hofu kuliko kama angenifokea.

"Jina lake?"

"Hana."

"Mama, kaburi la asiye na jina siwezi kuliandika. Mkubwa atasema nimebuni, na waliobuni hapa nimewaona. Nipe lolote mlilokuwa mnamwita."

Hatukuwahi kumwita. Kichwani nilikuwa na jina moja tu, la marehemu baba mkwe, na hilo lilikuwa linamngoja huyu wa tumboni kama angekuwa wa kiume. Karani alikuwa ameshika kalamu ananitazama. Nikalitaja. Akaliandika polepole, akapuliza wino ukauke.

Nilijifungua mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti kubwa. Mama mkwe akamnyanyua, akamwita jina hilo mbele ya ukoo mzima. Ningeweza kusema pale pale, wamchagulie jingine. Sikusema. Ningesemaje kwamba jina la mjukuu wake nimeshaliandikisha kwenye orodha ya makaburi? Nilipiga vigelegele pamoja na wenzangu, kisha nikageukia ukutani. Wakasema ni uchovu wa uzazi.

Homa ya kwanza ilimpata akiwa na miezi minne. Ilipopungua nilimbeba mgongoni nikaenda kwenye kambi mpya ya wapimaji, mwendo wa kutwa, nyumbani nimedanganya kwamba naenda kumwona dada yangu. Karani alinikumbuka. Nikamwomba alifute lile jina, reli ipite inapotaka. Maneno hayo niliyasema mimi, mama wa yule wa kwanza, na mpaka leo nikiyakumbuka naona aibu.

"Kitabu kimekwisha kwenda Dar es Salaam, mama," alisema. "Na kikishafika huko, mimi sina uwezo wa kufuta kitu."

Nikamshukuru, nikageuka kurudi. Mtoto alikuwa amelala, na kila baada ya hatua chache nilisimama, nikapeleka mkono mgongoni kupapasa kama bado anapumua.