Goti Langu na Mwalimu wa Karate

Leo duka la dawa lilinukia mafuta ya karafuu, nikaikumbuka Temeke ya utotoni, enzi ambazo serikali ilishuku wanaojifunza kupigana. Nilikuwa nimeteguka goti kwenye mazoezi ya karate, uani kwa mwalimu wetu. Siku ya nne, mama akiwa ananichua mkekani kwa mafuta hayo, akaingia balozi wa nyumba kumi, mjumbe wa chama mtaani kwetu, na wanaume wawili wageni.

“Shikamooni,” nikasema.

“Marahaba. Pole, binti,” mmoja akajibu kwa upole. “Nani anawafundisha kupigana?”

Vidole vya mama vikanibana goti. Nilidhani ameniumiza kwa bahati mbaya tu. Nikamtaja mwalimu, nikawaelekeza na nyumba yake.

Mwezi ulipita kabla sijaweza kutembea. Nikachechemea hadi kwa mwalimu. Mkewe akasema hajarudi tangu siku ile wale wanaume wawili walipomchukua. Kisha akalitazama goti langu, akafunga mlango taratibu.