Udi wa Kuwaaga Watu wa Roketi

Nilimpandisha mama yangu juu ya paa alfajiri, na magoti yake yale, kwenda kutazama roketi iliyokuwa ikirushwa kutoka Marekani. Nalisema mapema ili mnicheke mara moja, tumalize.

Kwenye simu nilisikia tu kwamba itaruka alfajiri, ina watu ndani, na mbingu zitawaka. Nikaona maelezo yametosha. Mdogo wangu alitaka kutupeleka Yiti, kijiji cha pwani kisichofika hata saa moja kwa gari, ambako taa si nyingi, nikakataa. Kutoka hapa kwetu mjini, Khuwair, mpaka Yiti kwangu mimi ni safari ya kufunga mizigo. Paa lipo, nikasema, tena lina viti.

Mama hakufuata mbingu. Alitaka kuwaaga wale watu. Kwetu msafiri hatoki mlangoni bila kufukizwa udi na kuombewa dua, na ilimuuma kwamba hawa wanakwenda mbali kuliko wote na pengine hawana wa kuwafukiza. Basi akapanda ngazi moja moja, chetezo mkononi, mimi nyuma namsukuma kama friji.

Taa ikapanda upande wa uwanja wa ndege. Mama akainua chetezo, akasoma dua yote, machozi yanamlengalenga. Ile taa ikakata kona, ikashika njia ya India.

"Roketi nayo hukata kona?" akauliza jirani yetu, aliyekuwa akianika nguo kwenye paa la pili.

Nikaifungua simu vizuri. Alfajiri ya kule Marekani ni adhuhuri ya huku.

"Sasa mie nimemuombea nani?" mama akauliza.

"Abiria wa Bombay."

"Na wao wafike," akasema, akaanza kushuka, kanuna.

Adhuhuri tukakaa mbele ya televisheni, chetezo kina makaa mapya, jirani kaja na kahawa yake. Kule bado giza. Mara moto ukatoka chini, giza lote likageuka rangi ya chungwa, mawingu yakaonekana moja moja kama mchana. Mama alinishika mkono, midomo haisimami, hakuniachia mpaka ile taa ikawa nukta. Mtangazaji aliposema wote wazima, ndipo akaegemea mto.

"Safari hii nimewahi," akasema.

Jirani akaweka kikombe chini, akanitazama mimi.

"Hao watafika, bi mkubwa. Mie nnamuogopea huyu mwanao, hata Yiti hajafika."