Kengele ya Batasema

Jana nilikuwa napika pondu ya majani ya muhogo, binti yangu akaingia jikoni na kuniomba kijiko kimoja cha pilipili. Nilishangaa, maana mtoto huyo akionja pilipili kidogo tu humaliza nusu ndoo ya maji. Nikamuuliza ni ya nini.

"Ni ya mbwa, mama. Ku masomo banasema ukiipakaa pilipili ku pua, inakuwaka mukali."

Ni kweli tuna mtoto wa mbwa, ana wiki mbili hapa kwetu. Niliepua pondu kabla haijaiva, nikakaa kwenye kigoda. Wewe unanijua, mimi si mtu wa kukaa chini chakula kikiwa motoni. Lakini kuna jambo nimelificha tangu nikiwa na miaka kumi, na jana lilinifuata hadi jikoni. Binti yangu nimeshamsimulia. Acha nikusimulie na wewe, kabla sijapata ujanja wa kulificha tena.

Nilikulia Mangobo, hapa hapa Kisangani, katika paseli yenye nyumba mbili na ua wa mianzi. Nyumba kubwa ilikuwa ya papa na mama, ile ndogo ya nyuma ilikuwa ya koko, mama yake mama. Katikati palikuwa na mti wa nsafu, na matunda yake tuliyalainisha kwenye majivu ya moto tukayala na kwanga, mkate wa muhogo. Asubuhi uliamshwa na vijana wa toleka wakipita na baiskeli zao kutafuta wateja, kisha na kinu cha mama akiponda ndizi za lituma. Umeme wa bwawa la Tshopo ulikuja ulipotaka. Redio ya papa haikuungojea, ilikuwa na betri zake.

Koko alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na sikumwona akikimbia hata siku moja, hata mvua ilipomkuta na nguo kwenye kamba. Baba yake alikuwa mwindaji upande wa Banalia. Mbwa wa misitu ile hawabweki. Wataguna, watatoa sauti ya furaha kama mtu anayepiga miayo, lakini kubweka kama mbwa wa mjini, hapana. Ndiyo maana wawindaji huwafunga shingoni kengele ya mbao, wapate kujua mbwa yuko wapi kichakani. Koko alikuja mjini na kengele moja ya baba yake, nyeusi kwa moshi, na ndani yake vipande viwili vya mti vilivyogonga kwa sauti kavu. Ilikaa kwenye msumari wa jikoni kwake, na sisi watoto hatukuthubutu kuigusa.

Siku moja mjomba alitushushia kutoka lori la Banalia kikapu chenye mtoto wa mbwa, mwekundu, kifua cheupe, mkia umejikunja mgongoni. Tulimrukia sote kwa pamoja. Koko alitufukuza kama kuku waliovamia mchele.

"Mumuache. Anatoka mbali, hajue nani ni nani."

Kisha akafanya kitu nilichokiona cha kijinga. Aliketi na kumpa mtoto wa mbwa mgongo, akawa anachambua majani ya pondu, na kila baada ya muda alidondosha nyuma yake kipande kidogo cha samaki mkavu bila kugeuka. Siku ya kwanza mbwa hakutoka kikapuni. Siku ya pili alitoka, akala, akarudi mbio. Siku ya tatu alikuja akalaza kidevu chake juu ya mguu wa koko. Koko akaendelea kuchambua majani, ila niliona anatabasamu.

Alimpa jina la Batasema, yaani watasema. Kule kwao, aliniambia, jina la mbwa ni salamu kwa majirani, na wa kwetu walikuwa na midomo mirefu. Na kweli walisema. Mwanamke mzima anabembeleza mbwa! Mpaka papa aliona haya. Batasema alipokojoa kwenye mkeka wake, papa alitaka kumsugua pua pale pale. Koko akambeba mbwa taratibu hadi chini ya mti wa nsafu, akangoja, na alipomaliza haja yake huko akampa kipande cha kwanga. Halafu akamuuliza papa, kwa heshima zote: "Papa, batoto bako bakikojoaka ku kitanda, unabapakaaka pua?" Papa akaongeza sauti ya redio.

Batasema akitung'ata mikono katika mchezo, tulipaswa kusimama bila kusogea na kumwangalia mtu mwingine, mpaka achoke na kuacha. "Kuwa muti," koko alisema. Kinu kilimtia hofu sana, kwa hiyo kwa siku nyingi nilitumwa kugonga mchi polepole mbali kule kwenye ua huku koko akimlisha, kesho yake nikasogea hatua mbili, keshokutwa mbili tena, hadi nikawa naponda kwa nguvu zote na Batasema amelala pembeni. Alifundishwa pia mlango. Mgeni akikaribia, Batasema alikuja kukugusa goti kwa pua yake yenye ubaridi, na kila alipofanya hivyo koko alimshukuru na kumpa kitu. Hakuwa na sauti, basi akapewa goti.

Na kengele. Koko aliitikisa kidogo kila alipompelekea chakula, kabla ya yote, hadi mbwa akaipenda kama tulivyopenda sisi sauti ya muuza mikate. Baadaye ilitosha kuitikisa mara moja, Batasema aliacha chochote alichokuwa nacho akaja. Na kila alipokuja, alikuta kitu kiganjani. Sheria ya koko ilikuwa fupi: "Ukimuita, umupe. Ukiwa na hasira, usimuite. Kengele haidanganyake."

Mwaka ule kulitokea msiba kwao, koko akaenda Banalia kwenye matanga. Kabla ya kupanda lori alitoa kengele kwenye msumari, akaniwekea mikononi. Sio kaka yangu mkubwa, sio mama. Mimi. "Nakuachia," akasema. "Unajua sheria." Nilijiona nimekuwa mrefu ghafla.

Wiki haikwisha. Mchana mmoja mama alikuwa sokoni, na mimi nilikuwa barazani nasukwa nywele na rafiki yangu, tukisimuliana mambo ya darasani. Batasema akaja akanigusa goti. Nikamsukuma. Akaja tena, akanigusa, akatazama upande wa jikoni. Nikamwambia, "Toka, unanisumbua." Alikuja mara ya tatu. Nilimsukuma kwa mguu. Mama aliporudi, sufuria zetu mbili kubwa hazikuwepo.

Papa alisimama katikati ya uwanja akamtazama Batasema kwa muda. "Mbwa yenye hailie iko ya kazi gani? Bon. Dimanche nitaipeleka Lubunga, kuko mutu atanipatia yenye inalia." Lubunga ni ng'ambo ya mto. Ingetosha niseme: papa, alinieleza mara tatu. Sikusema. Niliogopa fimbo, na zaidi ya fimbo niliogopa mama ajue kwamba sufuria zake zilikwenda nikiwa nacheka.

Tonton, mzee wa paseli ya jirani, alisikia yote kupitia mianzi. Mbwa wake alifungwa mnyororo mchana kutwa na kubweka hadi koo likauka, na tonton mwenyewe alimwogopa, akimsogezea sahani kwa ufito. Hilo lingetosha kunionya. Lakini aliniita kwenye ua akaninong'oneza kwa huruma ya kweli: "Mutoto, nikuonyeshe. Ponda pilipili, muingizie ku pua. Atakasirika, njo sauti itatoka. Papa akisikia analia, atamuacha."

Ilikuwa Jumamosi. Kesho yake ndiyo ile Jumapili. Nikaponda pilipili, zile ndogo nyekundu, nikazichanganya na maji. Batasema alikuwa amelala chini ya nsafu. Nilijua nikimfuata na bakuli atanusa na kukimbia. Kwa hiyo, na hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wako, nilichukua kengele ya koko nikaitikisa.

Alikuja mbio, mkia unacheza. Akaingiza pua yake kiganjani mwangu mwenyewe, kama alivyozoea.

Sauti ilitoka. Haikuwa ya kubweka, ilikuwa kilio kirefu kama cha mtoto aliyeungua, na sijawahi kukisikia tena wala sitaki. Papa alikuwa ndani na redio yake. Nilimsikia akisema, kwa sauti ya kuridhika: "Tiens. Kumbe inajuaka kulia." Hakutoka kuangalia. Batasema alijisugua uso mchangani, akajigonga kwenye kinu, akapenya chini ya mianzi na kutoweka.

Siku tatu nilimtafuta. Nilimkuta karibu na mafundi wa baiskeli za toleka, amejilaza kando ya mtaro, jicho moja limevimba. Nilikuwa nimeiba samaki mzima wa kukaanga. Nikachuchumaa, nikatikisa kengele taratibu, kama koko. Alisimama na masikio yakainuka. Mwili wake ulitaka kuja, hilo niliona kwa macho yangu, mguu mmoja ulishapiga hatua. Kisha akaitazama kengele, akanitazama mimi, akageuka na kuondoka akitembea. Hakukimbia. Laiti angekimbia, ningesema ni hofu tu.

Koko alirudi baada ya siku kumi. Nilimwambia Batasema alitoka mwenyewe. Hakuuliza zaidi, kwa sababu hakuwa na desturi ya kunishuku. Alichukua kengele na kipande cha samaki, akaenda kusimama mlangoni, akaitikisa. Alifanya hivyo kila jioni kabla ya chakula, msimu mzima wa mvua, na mimi nilisimama pembeni yake kwa sababu kutosimama kungenisaliti. Alitikisa, akangoja, akatazama njia pande zote mbili. Na kwa kuwa kengele yake haikudanganya, alishaita, ilikuwa lazima mtu apewe. Alinigeukia akaniwekea samaki yule kiganjani. Nilikula. Kila jioni nilikula.

Siku aliyoacha kwenda mlangoni aliitundika kengele msumarini na kusema polepole, kama anayejisomea hukumu: "Ni mimi nilimukosea. Nilimuzoesha kengele mapema, alikuwa angali mutoto." Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Maneno yalikuwa matatu tu, ni mimi nilimuita, na nilikuwa nayo mdomoni pamoja na samaki.

Waswahili husema majuto ni mjukuu. Kwetu alikuwa mjukuu kweli. Koko alifariki nikiwa sekondari, bila kufuga mbwa mwingine. Walipokuja ndugu wa Banalia kumuomba awafundishie watoto wa mbwa, aliwajibu kwamba mkono wake umeharibika. Mkono ule! Sijaona tena mkono kama ule. Ile paseli imegawanywa mara tatu, nsafu ulikatwa, tonton alihamia kwa watoto wake Bunia, na vijana wa toleka wengi siku hizi wana pikipiki. Ujuzi wa koko ulikwenda naye, isipokuwa haya machache niliyokuandikia, na hata hayo ameniachia mimi, mtu asiyestahili kuyashika.

Binti yangu alisikiliza yote bila kunikatiza. Mwishoni aliuliza: "Koko alikufaka akijua ni yeye alimukosea?" Nikamjibu ndiyo. Akasema: "Mama, ungemuambia." Hakusema kwa ukali. Nilitamani aseme kwa ukali.

Kengele ninayo. Imekaa sandukuni miaka yote hii, chini ya vitambaa. Niliitoa, nikampa yeye, pamoja na vipande vya samaki wa chumvi, makayabu niliyokuwa nimeloweka, nikamweleza sheria kama nilivyoelezwa. Akatoka uwanjani akampa mbwa mgongo, akatikisa kidogo, akadondosha kipande. Mtoto wa mbwa alikaribia kwa tumbo, akala. Mara ya pili alikaribia akiwa amesimama.

"Njoo utikise na wewe, mama," binti yangu akaita.

Nilimwambia pondu itaungua. Lakini pondu nilikuwa nimeiepua zamani, na yeye alijua.