Pumzi ya Baba Yangu Imepewa Jina la Mgeni

Admin, jina langu lifiche, maana Arusha ni ndogo na wanawake wanaopuliza tarumbeta tunahesabika. Nina miaka thelathini na sita, mzaliwa wa huku mlimani Meru, sasa naishi Kimandolu. Sina mume na sijaandika kutafuta. Napuliza katika bendi ya jazi, ile kubwa ya watu kumi na saba, na mambo ya bendi hiyo ndiyo yamenileta hapa.

Mwaka jana kiongozi wetu, tunamwita Mwalimu, mtu wa koti hata jua likiwaka, alitangaza kwamba tutarekodi albamu ya nyimbo nane na kila wimbo utakuwa na mgeni wa kupiga solo. Neno mgeni alilitamka kama anasoma Injili. Sisi wenyeji tuliofanya mazoezi miaka mitano tukae nyuma, mgeni asimame mbele. Haya. Wengi walikuja wakapiga vizuri, siwezi kuwasema. Shida ni huyu wa wimbo wa sita.

Alitoka Dar na masanduku mawili, moja la tarumbeta, lingine nadhani la miwani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya kwanza alikula nyama choma. Ya pili akapelekwa Momela, akapiga picha na twiga, tarumbeta mdomoni, na twiga wa watu wakamgeuzia mgongo. Ya tatu tukampa jembe. Aliingia studio akapuliza mara nne, ikatoka sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Akasema baridi ya Arusha imemkaza midomo. Ilikuwa mwezi wa pili, sisi tunajipepea na makaratasi ya nota.

Mchana huohuo akaondoka, akaahidi kurekodi kipande chake huko kwao na kukituma. Mwalimu akanigeukia. "Dada, puliza chochote hapo, tushike nafasi tu."

Nikapuliza wimbo wa baba, nikaupindisha kidogo ukae kwenye jazi. Marehemu baba alikuwa kwenye matarumbeta ya kanisani, usharika wetu wa mlimani, na tarumbeta lake kitufe cha tatu kilikuwa kimeganda. Kwenye wimbo huo, ambao ni wa kuzikia, kuna sauti moja hakuweza kuifikia, basi akifika pale anaacha, anavuta pumzi, anaendelea. Alizika nusu ya kijiji hivyo. Watu wakazoea, mpaka leo usharika wetu wakiuimba ule wimbo wote wananyamaza palepale. Wanaita pumzi ya mzee. Mimi tarumbeta langu ni zima, lakini nikifika pale nanyamaza pia.

Mgeni hakutuma kitu. Albamu ikatoka, wimbo wa sita umeandikwa jina lake, na pumzi ya baba imo ndani. Nilipomuuliza Mwalimu akanijibu, "Jina lake ndilo linalovuta watu. Wewe ni mwenyeji, mwenyeji hula mwisho." Kosa langu nalikiri hapa: nilicheka. Nilicheka nikarudi kukaa kwenye kiti changu, na kwa wiki kadhaa nilikuwa nausikiliza huo wimbo peke yangu na kujisifu kimoyomoyo.

Kisha yule bwana akahojiwa redioni. Mtangazaji akamuuliza kuhusu ule ukimya katikati ya solo. Akajibu bila haya, "Ule ni ukimya wa kisanaa. Nimeutafuta miaka mingi." Miaka mingi, na kilichomshinda ni kutafuta midomo yake mwenyewe.

Siku ya pili mama akanipigia simu. Nikampa shikamoo, hakuitikia. Akasema, "Nimemsikia baba yako redioni. Mbona wamemwita jina la mtu mwingine?"

Nililia, sitadanganya.

Sasa kuna uzinduzi. Mgeni anakuja kupiga solo yake jukwaani, ila haijui. Mwalimu ameniagiza nimfundishe nyumbani kwangu Jumamosi. Kasema, "Hasa pale kwenye ukimya, hapapati." Nikikataa, kiti changu anapewa mwingine, na mjini hapa bendi nyingine kama hii hakuna. Nimefikiria kumfundisha aweke ukimya mahali sipo, maana nusu ya usharika watakuja na watamjua dakika hiyohiyo. Lakini hapo nitakuwa nimeharibu wimbo wa baba kwa mkono wangu, na wenzangu kumi na sita wataaibika naye bila kosa.

Nikaenda mlimani kumuuliza mama. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua hata uso. "Mfundishe nyimbo zote," akasema. "Huo mwachie baba yako. Mimi naungoja siku yangu, na sitaki nikiwa pale chini watu waseme umepigwa wimbo wa yule bwana wa redioni."

Ndugu zangu, Jumamosi saa nne atabisha hodi na tarumbeta lake linalong'aa. Kiti nakipenda, na mama ninaye mmoja. Ningekuwa na jibu nisingewasumbua. Nimkaribishe, au nimwache mgeni abishe hodi mpaka achoke?