Kuni Mbichi na Koti ya Tata Kabeya

Kama munataka kucheka, mucheke sasa hivi, sababu nikifika katikati haya itanikamata tena, hata kama hii mambo ilipita zamani, wakati ya utawala ya Babeleji.

Mi nilikuwa mutia-moto kwa nyumba ya kufulia nguo ya kampuni, huku Kolwezi, na chodieri yetu (ile pipa kubwa ya chuma yenye kuchemsha maji) ilikuwa inakula mazuti, ile mafuta nzito ya kuwasha moto. Mazuti haina kazi: unafungua robine, unapiga kibiriti, unakaa ku kiti, unakunja mikono sawa chef, mukubwa ya kazi. Basi mvua ya mwaka ilianza tu, wagon ya treni yenye kuleta mazuti ikakwama kule Dilolo, na muzungu wetu akasema, "Kuanzia leo, kuni." Kuni yenyewe ilikuja mbichi, na majani yake, inatoa maji tu mu moto.

Sasa, mi nilikuwa nataka kuoa Ngalula. Baba yake, Tata Kabeya, mwalimu wa dini, alikuwa hajasema ndiyo bado, alikuwa ananiangalia kwanza. Jumamosi nikapita kwao, nikakuta koti yake nyeusi, ile moja tu ya kusomea mu kanisa, imefuliwa, inatona maji, na mvua haiachi. Mi na mudomo yangu! Nikasema, "Tata, leta. Kwetu saa moja tu imekauka." (Kuni sikuitaja. Mutu mwenye kuposa hasemi kila kitu.)

Kumbe kuni ile haikuwa na nguvu, chumba ya kukaushia ikabakia baridi, basi nikafungua kale kamulango ka chuma kati ya moto na chumba, ili joto iingie moja kwa moja. Iliingia. Moshi nayo iliingia, lakini mi nilikuwa nimekula moshi juma nzima, pua ilikuwa imekufa, nikanusa koti nikaona iko muzuri kabisa. Kesho yake, Siku ya Mungu, nikamupa Tata koti yake pale mulango ya kanisa, naye alikuwa na mafua, akavaa, akanigonga bega: "Mwanangu, uko mutu ya kazi." Mwanangu! Nikaenda kukaa ku benchi ya mbele kabisa.

Tata hakumaliza kusoma hata ukurasa moja. Mama mumoja nyuma akainua pua: "Samaki ya nani inaungua?" Mwingine: "Mawe! Niliacha maharagi ku moto!" Nyumba za kambi ya wafanyakazi, pale kando ya kanisa, zimeshikana mustari mumoja, kila mutu akaogopa yake, bamama bote bakatoka mbio, babaume nyuma yao, na Tata Kabeya, mutu ya roho nzuri, naye mbio kusaidia, na kila mulango alipofika, harufu ilifika naye. "Ni hapa!" "Hapana, ni hapa!" Mi nilikuwa wa kwanza kushika ndoo ya maji (Ngalula alikuwa anaangalia, munaelewa).

Pale muke ya Tata akamukaribia, akamunusa mugongo, akapiga kelele: "Baba Ngalula, unaungua!"

Sikungoja. Nikamumwagia ndoo nzima, kuanzia kichwa.

Tata akavua koti, akaikamua, akainusa (maji ilikuwa imemufungulia pua), akanigeukia.

"Ulikausha na nini?"

"Na kuni, Tata."

"Mbichi?"

"Mbichi, Tata."

Bantu bakacheka mpaka bengine bakaketi mu matope. Ngalula alikuwa amejiziba kinywa na kitambaa, mabega inatetemeka. Nilitamani udongo inimeze.

Tata akanirudishia koti. "Mambo ya ndoa tutaongea siku hii koti itakauka. Kwa jua."

Na mvua ndiyo ilikuwa kwanza imeanza! Kila asubuhi nilitundika ile koti, kila mchana mvua ikanirudisha nayo ndani, miezi na miezi, na bamama bakipita bananiuliza, "Mutia-moto, samaki imeiva?" Tata alinipa Ngalula wakati ya baridi, mvua ilipokwisha kabisa na koti ikakauka. Ku ndoa yetu alivaa ile koti, na alipopita katikati ya bantu, bamama batatu baliinuka kwenda kuangalia nyungu zao. Toka siku ile niliapa: nguo ya mutu sikaushi tena, hata kitambaa ya jasho, hata kama mazuti imerudi.